Mwaka wa Baba Mkononi Mwangu

“Nessa, una miaka mingapi?”

Nilikuwa bado juu ya baiskeli, taulo shingoni, nimeuma midomo ili nisilie mbele za watu. Baiskeli yenyewe haiendi popote. Imefungwa chini pale kwenye ukumbi wa baiskeli wa Invercargill, nawe unakanyaga dakika ishirini huku unaangalia ukuta. Walitaka nguvu ya miguu ya wastani wa wati mia mbili arobaini na tano. Mimi nilitoa mia mbili thelathini na sita. Wati tisa tu, na nafasi ya mwisho ya kwenda kambi ya taifa ya waendesha baiskeli ikanipita hivihivi naiona. Halafu kocha ananiuliza umri!

“Ishirini na nane,” nikamjibu. “Kwani nimekosa umri, au nimekosa wati?”

Kocha Glenys hakukasirika. Alikuwa na karatasi mbili mkononi, moja ya baiskeli na moja ya saa ya kupima mapigo ya moyo niliyovaa, maana kwenye mtihani huu kila kitu hupimwa mara mbili ili mtu asidanganye.

“Saa yako inasema una hamsini na sita.”

Msichana wa baiskeli ya pili akaangua kicheko. Nami nilitaka kucheka, ila cheko halikuja.

“Hukusikia uchovu,” Glenys akaendelea. “Nimekuangalia. Kila ukianza kukanyaga kwa nguvu, unaitazama saa, unapunguza. Kwa nini?”

“Kwa sababu inatetemeka. Ikifika mia na hamsini na tano uso wake unakuwa mwekundu. Moyo unakuwa umekaribia mwisho.”

“Mwisho wa nani?”

Nikaitazama tena saa.

“Mtoto wewe, saa haikujui kwa sura. Inajua kile ulichoiambia. Inachukua mia mbili na ishirini, inatoa umri, inasema huu ndio mwisho wa moyo wako, kisha inawaka nyekundu kabla hujaufika. Ukiipa umri wa mtu mzima, inakulea kama mtu mzima. Umefanya mazoezi nayo kwa muda gani?”

“Miezi mitano.”

“Miezi mitano!” Glenys akajipiga paja. “Miezi mitano unapasha misuli ukidhani unajiua. Nani aliyeipanga hii saa?”

“Mchumba wangu.”

“Basi mwambie mchumba wako...” Aliyoyasema siyarudii hapa. Akanipa karatasi nisome mwenyewe. Jina langu, uzito wangu, urefu wangu, vyote sawasawa. Chini yake, tarehe ya kuzaliwa: kumi na nne Machi, elfu moja mia tisa sitini na tisa.

Tarehe ile naijua. Kila mwaka siku ile Mama alikuwa anaoka keki ya tangawizi, na sisi tunaificha kwenye boksi la viatu. Ni siku aliyozaliwa baba yangu. Baba aliyekufa miaka miwili iliyopita kwa ugonjwa wa moyo, ndani ya banda letu la gari, juu ya baiskeli ya mazoezi, jioni baada ya kukamua ng'ombe.

“Kocha,” nikasema, “nipe nafasi nyingine.”

“Ukumbi saa sita wanaingia watoto, wana mashindano yao. Lakini orodha naituma saa kumi na moja jioni.” Akanikazia macho. “Kuna ile njia ya watu wa mbali, wale wa visiwani. Unafanyia nyumbani kwako, simu inaniletea picha, na unakuwa na mashahidi wawili watu wazima. Mmoja anasoma wati, mwingine anasoma mapigo ya moyo, kila dakika, kwa sauti. Mmoja wao akinyamaza, mtihani umekufa. Unao watu?”

“Ninao,” nikasema. “Tena ninao wawili wazuri sana.”

Kutoka Invercargill hadi kwetu Winton ni nusu saa. Mvua ilikuwa inapiga kwa ubavu, upepo wa kusini unasukuma gari, na mimi naongea peke yangu kama chizi. Rewi. Rewi wangu. Harusi Jumamosi ya wiki tatu zijazo, ukumbi wa shule tumeshaupata, shangazi zake wa pwani ya Bluff wameshaahidi kuleta chaza wa karamu. Na mwanaume huyo huyo kila alfajiri kwa miezi mitano alikuwa anasimama mlangoni pa banda kabla ya kwenda kazini, kikombe cha chai mkononi, ananitazama ninavyokanyaga. Saa ikiwa nyekundu ananiambia, “Inatosha, mpenzi. Shuka sasa.” Ananifuta jasho usoni kwa taulo. Nami mjinga nilikuwa najiambia, jamani, mwanaume gani anamjali mtu namna hii!

Nililia kuanzia Makarewa mpaka Lochiel. Baada ya hapo machozi yakakauka, ikabaki hasira.

Rewi alikuwa ananisubiri. Yeye ni fundi umeme wa mashine za kukamulia, na Jumamosi ile alikuwa anamtengenezea Mama pampu. Aliposikia gari langu akatoka mbio kwenye mvua bila koti, nywele zimemganda kwenye paji la uso, anatabasamu. Na mimi, pamoja na yote niliyobeba kifuani, moyo ukaniruka kumwona. Hilo ndilo lililonikasirisha kuliko yote.

“Bingwa! Vipi, tumepata?”

“Ingia bandani.”

“Nessa, nini?”

“Nimesema ingia bandani, Rewi. Sitaki kugombana kwenye mvua.”

Akaingia. Banda letu halijabadilika tangu enzi za Baba: benchi la kazi, makopo ya rangi, na ile baiskeli imefungwa kwenye mashine yake katikati ya sakafu. Nikafungua karatasi, nikaibandika kwenye kifua chake.

“Soma hapo chini.”

Akasoma. Nikaona rangi inamtoka usoni.

“Nilikosea kuandika,” akasema.

“Ulikosea.”

“Vidole vyangu vikubwa, unajua. Namba zile ndogo...”

“Rewi, usinichezee! Usinichezee leo, nakuomba. Siku, mwezi na mwaka, vyote vitatu ukosee, halafu viangukie siku ya baba yangu? Vidole vyako vina akili gani?”

Akaikunja karatasi mara mbili.

“Umenizeesha! Miezi mitano umeniweka kwenye umri wa mama yangu. Mimi nikishuka hapa nakuuliza, Rewi, mbona sichoki kama wenzangu? Ulinijibu nini? Nikumbushe.”

“Nessa...”

“Nikumbushe!”

“Nilisema ni kwa sababu una nguvu.”

“Ukanibusu na hapa.” Nikajipiga kwenye paji la uso. “Ukanibusu hapa hapa. Mwongo mkubwa wewe!”

Alisimama pale maji yanamchuruzika, mikono imelegea, ile mikono ambayo ninaijua kila kovu lake. Nilitamani aipandishe, anishike, aniambie kuna maelezo mengine. Na kama angenishika ningempiga.

“Nimekosa nafasi kwa wati tisa,” nikamwambia. “Tisa! Wanachukua sita mkoa mzima, na watano wameshapatikana. Mimi nilikuwa na nguvu za kupita, zimekaa mwilini, sijui kama ninazo, kwa sababu wewe uliniambia sina.”

“Nilikuwa naogopa.”

“Uliogopa nini?”

“Nilikuogopea wewe. Juu ya hiyo baiskeli.”

“Daktari amenipima moyo mara mbili. Mara mbili! Akasema moyo wangu ni mzima kama wa ndama. Wewe ndiye uliyenipeleka, ukakaa nje unasoma magazeti ya zamani.”

“Najua.”

“Basi kama unajua, ulikuwa unaogopa kitu gani?”

Akatazama chini. “Nilitaka tu usijiumize.”

“Na tarehe? Hukuwahi kumwona Baba hata siku moja. Tulikutana amekwisha kuzikwa. Tarehe yake uliijuaje?”

Alitazama mlango wa jikoni, ule unaoingilia ndani ya nyumba, kisha akarudisha macho kwangu haraka.

“Niliiona kaburini,” akasema. “Siku ile tulipokwenda kukata majani.”

Sijui kama mliwahi kukasirika mpaka masikio yakaziba. Mimi yaliziba.

“Kaburini! Ulikwenda kwenye jiwe la baba yangu, mimi nimepiga magoti nang'oa majani, na wewe umesimama nyuma yangu unanakili tarehe? Halafu ukaja ukanivalisha mkononi, ukaniambia heri ya siku ya kuzaliwa? Wewe ni mtu wa aina gani?”

“Nisamehe.”

“Sikusamehe! Na harusi usahau. Wapigie shangazi zako, waambie chaza wale wenyewe. Siwezi kulala kitanda kimoja na mtu anayeamua mwili wangu unaweza nini, halafu ananificha. Leo ni saa, kesho itakuwa nini? Utanipangia watoto? Utaniwekea namba ya kucheka?”

Macho yake yalijaa maji. Nami nilisubiri aseme. Wallahi nilisubiri. Nilitaka apigane nami, aniambie Nessa usiniache. Akasema tu, taratibu, “Sawa.”

“Sawa? Hiyo tu, sawa?”

“Kama ndivyo unavyotaka.”

“Toka! Toka mbele yangu!”

Mlango wa jikoni ukafunguka.

Mama alikuwa amesimama kwenye kizingiti, aproni kiunoni, sahani ya mikate ya jibini mkononi, mikate iliyokunjwa na kuchomwa mpaka ikawa ya dhahabu. Mama yangu, Noeline, hajawahi kukanyaga banda lile tangu jioni aliyomkuta Baba. Akitaka kitu bandani anaita kwa dirishani. Mtungi wa gesi ukiisha anapika kwa umeme mpaka mimi nirudi.

“Hakuitoa kaburini,” akasema.

“Mama, rudi ndani. Haya ni yetu.”

“Kaburi halina tarehe, Nessa. Lina miaka tu. Nilishindwa kulipia maneno mengi, hukumbuki?”

Kweli. Jiwe la Baba lina jina, mwaka wa kuzaliwa na mwaka wa kufa, na picha ya kondoo. Hasira zilinisahaulisha. Nikamtazama Rewi, naye akafumba macho kama mtu aliyesikia sahani inavunjika.

“Mama Noeline, tulikubaliana,” akasema kwa sauti ya chini.

“Tulikubaliana asijue. Hatukukubaliana uachwe.” Mama akashusha mguu mmoja kwenye sakafu ya banda, kisha wa pili. Akaweka sahani juu ya benchi la kazi. Mikate miwili ikadondoka. “Mimi ndiye niliyemwomba. Alipokuja kunionyesha ile saa kabla hajakupa, nilipiga magoti, Nessa. Jikoni pale, mbele ya kijana wa watu. Nikamwambia weka tarehe ya Alec, baba yako. Daktari alimwambia Alec asivuke mia na hamsini na tano, naye akavuka. Nikasema, kama ile namba haikumlinda baba, basi imlinde mtoto.”

“Na wewe ukakubali,” nikamwambia Rewi.

“Mama wa watu amepiga magoti, Nessa. Ningefanyaje?”

“Ungeniambia mimi!”

“Nilimwapia.”

“Na mimi unayenioa hukuniapia kitu?”

Mama akaingilia, “Usimgombeze yeye. Alikuja mara tatu kuniambia nimruhusu aiondoe. Nikakataa. Nikamwambia ukimwambia, sitaki kukuona kwenye nyumba hii.”

“Kumbe!” nikasema. “Kumbe mmekuwa na vikao. Ninyi wawili mnakaa jikoni na chai yenu, mnaujadili moyo wangu, halafu mimi nikiingia mnazungumza habari za mvua!”

“Ni mimi niliyemkuta,” Mama akasema.

“Mama...”

“Ni mimi niliyemkuta! Wewe ulikuwa Dunedin. Nilifungua huo mlango kumwita chakula, nikamwona ameinama, nikadhani amechoka. Nikamwambia Alec, acha ujinga, viazi vinapoa. Nikamgombeza, Nessa. Nilimgombeza mtu aliyekwisha kufa.” Akainyooshea baiskeli kidole. “Miguu yake bado ilikuwa kwenye pedali. Halafu wewe, unarudi nyumbani, katika vitu vyote alivyoacha, unachukua hiki!”

Sikuwahi kuyasikia hayo ya viazi. Yalinichoma. Lakini siwezi kusema uongo: hasira haikutoka. Ilibadilika tu mahali pa kukaa. Kwa miaka miwili nilipanda ile baiskeli kwa sababu nikiwa juu yake nilimhisi Baba yuko karibu, ananicheka jinsi ninavyohema. Kumbe Mama alikuwa upande wa pili wa ukuta, kila nikikanyaga anamzika tena. Na hakuniambia. Hakuna aliyeniambia chochote.

“Mama, moyo wa Baba ulikuwa mgonjwa,” nikasema. “Yeye alijua, akakaidi. Mimi siumwi. Mmenipa ugonjwa wa Baba mkanifungia mkononi.”

Mama akafunika uso kwa aproni. Rewi akapiga hatua kwenda kumshika, akasita, akanitazama.

“Rewi, lete simu yako.”

“Ya nini?”

“Iliyoweka tarehe ndiyo itakayoitoa. Fungua. Andika siku yangu. Kwa sauti.”

Vidole vikubwa kweli, hapo hakusema uongo. Alikosea mara mbili. “Ishirini na mbili... Mei... elfu moja mia tisa tisini na saba.” Saa ikatetemeka kidogo mkononi mwangu, ikatulia.

“Vizuri. Sasa sikilizeni. Orodha inakwenda saa kumi na moja. Glenys ananiruhusu nifanyie mtihani hapa, na mashahidi wawili. Mmoja wati, mmoja moyo. Mkinyamaza, nimefeli.”

“Nitampigia jirani,” Rewi akasema haraka. “Desmond yuko nyumbani, na mkewe...”

“Sitaki Desmond. Nawataka ninyi. Wewe utasoma wati kwenye mashine. Na Mama atasoma moyo kwenye simu yako.”

“Nessa, usimfanyie hivyo,” Rewi akasema. Ilikuwa mara ya kwanza siku ile kunipandishia sauti. “Nikasirikie mimi. Nivunjie harusi, sawa. Lakini mama yako usimwekee namba hizo mbele ya macho, humu ndani. Huo ni ukatili.”

“Umeona? Unamwamulia na yeye! Umemuuliza?”

Tukageuka wote wawili. Mama alikuwa ameshusha aproni. Alitazama ile baiskeli, kisha akavuta ndoo ya rangi, akaigeuza, akaikalia.

“Nipe miwani yangu,” akasema.

Saa tisa na nusu sura ya Glenys ikatokea kwenye simu yangu tuliyoiegemeza kwenye kopo. “Mashahidi, majina na uhusiano.”

“Rewi Takerei. Mimi ni...” Akanitazama kwa jicho la kuiba. “Mimi ni rafiki.”

“Noeline Galbraith. Mama mzazi.”

“Haya. Nessa, ukiona rangi nyekundu leo, ni nyekundu yako mwenyewe. Anza.”

Dakika tano za kwanza nilikanyaga kwa hasira tupu. Nilimkanyaga Rewi, nikamkanyaga Mama, nikakanyaga jikoni na vikao vyao. “Mia mbili hamsini na nane,” Rewi anasoma. “Mia na hamsini na moja,” Mama anafuatia. Saa ilipita mia na hamsini na tano, ikakaa kimya. Nilikuwa nimezoea itetemeke pale. Nilipita kama unavyopita geti uliloambiwa limefungwa, kumbe lilikuwa limeegeshwa tu.

Dakika ya kumi, mia na sabini na mbili. Hapo ndipo nilipojua kuchoka ni nini. Jamani! Mapaja yanaungua, mate mazito, upepo unapiga bati la banda nami siusikii. Hasira ikaniisha mwilini, nikabaki na miguu tu. “Mia mbili arobaini na tano,” Rewi akasoma, na sauti yake ilikuwa imekauka.

Dakika ya kumi na nne nikainamisha kichwa. Nywele zikaniangukia usoni, mabega yakashuka.

“Mia mbili arobaini na nne,” Rewi akasoma.

Kimya.

“Shahidi wa moyo,” Glenys akaita. “Nasubiri namba.”

Nikageuza jicho. Mama alikuwa ameshika simu ya Rewi kwa mikono miwili, anatazama mgongo wangu jinsi ulivyoinama. Hakuwa ananiona mimi. Midomo inacheza, sauti haitoki.

“Shahidi, nahesabu mpaka kumi, kisha naufuta. Moja. Mbili.”

Sikuwa na pumzi ya kumwambia kitu. Rewi alisimama hatua mbili kutoka kwake. Ingemtosha kunyamaza. Saba nane, tisa kumi, na mtihani ungekufa wenyewe, mimi ningebaki nyumbani salama kama walivyotaka tangu mwanzo, na hakuna ambaye angemlaumu.

Akachutama mbele ya Mama.

“Mama Noeline, nitazame. Alec hayupo hapo. Huyo ni Nessa. Moyo ni wake, si wetu. Msomee.”

“Sita,” Glenys akahesabu. “Saba.”

“Mia na themanini na tatu!” Mama akapiga ukelele. “Mia na themanini na tatu, na yuko hai!”

“Hiyo ya mwisho siiandiki,” Glenys akasema. “Endelea.”

Ningecheka kama ningeweza. Nikainua kichwa, nikakanyaga. Mama alisoma kila dakika iliyobaki analia, kamasi zinamtoka, na kila namba akaimalizia na “yuko hai”, mpaka Glenys akazoea. Mia na themanini na tano, yuko hai. Mia na themanini na nane, yuko hai. Dakika ya ishirini ilipofika niliangukia usukani, nikasikia sauti ya Glenys kutoka mbali.

“Wastani mia mbili arobaini na tisa. Binti, jaza fomu. Unakwenda kambini.”

Sikushangilia. Sikuwa na kitu cha kushangilia nacho. Mama alinikumbatia nikiwa bado juu ya baiskeli, akaweka sikio lake kwenye mgongo wangu, akasikiliza. Alikaa hivyo mpaka mapigo yakapungua. Nikamwacha asikilize.

Kisha akajifuta uso, akamgeukia Rewi kama vile hakuna lililotokea. “Sasa mwanangu, na harusi? Niwaambie watu nini?”

Rewi akafungua mdomo. Nilimwona anataka kusema neno, tena neno zuri la kumtuliza mama wa watu, maana ndivyo alivyo. Akalimeza.

“Muulize Nessa,” akasema. Akachukua begi lake la vifaa na kutoka nje kwenye mvua.

Nilishuka. Miguu ilikuwa haina mfupa, nikajikokota mpaka mlangoni nikishika ukuta. Alikuwa ameshafika kwenye gari lake, mgongo umelowa, anahangaika na mlango ambao siku zote unakwama. Nilikuwa nampenda mpaka nikachukia. Nilikuwa na hasira naye mpaka meno yananiuma. Vyote viwili vilikuwa kweli, na hakuna kilichokuwa tayari kumpisha mwenzake.

“Rewi!”

Akageuka.

“Usiwapigie shangazi zako.”

Alisimama pale, maji yanamwingia machoni, kama mtu anayeogopa kuwa amesikia vibaya. “Harusi ipo?”

“Ipo. Lakini bado nimekukasirikia. Kesho pia nitakuwa nimekukasirikia, na siku ya harusi usije ukadhani natabasamu kwa ajili yako.”

“Sawa,” akasema. Akaja hatua moja, akasimama. “Mpaka lini, Nessa?”

“Nitakwambia mimi.”